Kulala Muda Mrefu na Chumvi za Mwili

Tunapotembelea wagonjwa hapa Kindu, ng'ambo zote mbili za Lualaba, mara nyingi tunamkuta mtu aliyevunjika mguu amelala chali wiki nyingi. Jamaa husema, «Mumuache apumzike.» Na sisi tumewahi kusema hivyo. Lakini kulala nako kunabadilisha mwili, na ndugu wanaohudumia wagonjwa inafaa walijue jambo hili.

Mtu akisimama, damu nyingi hukaa miguuni. Akilala chali, karibu nusu lita hurudi kifuani, na mwili hudhani maji yamezidi. Hapo figo hutoa mkojo mwingi pamoja na sodiamu, ile iliyomo katika chumvi ya jikoni. Siku chache tu, maji ya damu yamepungua. Kwa hiyo mgonjwa akiinuliwa kwa ghafla anashikwa na kizunguzungu, pengine anaanguka. Si pepo, wala si upungufu wa imani.

Baadaye madini mengine hufuata. Potasiamu hutoka kadiri misuli inavyokonda. Kalisiamu hutoka mifupani, hupita katika mkojo, na inaweza kufanya mawe katika figo. Watafiti wa safari za anga waliyapima haya kwa watu wazima wenye afya, wakiwalaza kichwa chini kidogo, digrii 6. Mjini Moscow, mwaka 1986 hadi 1987, wanaume walilala kichwa chini kidogo siku 370.

Je, mkao unasaidia? Kumgeuza ubavu kila masaa mawili kunalinda ngozi isitoke vidonda, lakini hakuzuii chumvi kutoka. Kumkalisha, miguu ikining'inia, kunarudisha sehemu ya damu chini. Ila mifupa haitosheki na kukaa: katika jaribio la miaka ya 1960, kukaa masaa 8 kwa siku hakukupunguza kalisiamu katika mkojo, bali kusimama masaa 3 kulipunguza.

Basi tumuulize muuguzi mapema: ataruhusiwa kukaa lini, na kusimama lini? Akiruhusu, tumwinue polepole: kwanza mgongo, kisha miguu ishuke kando ya kitanda, angoje dakika chache, ndipo asimame akishikwa na watu wawili. Maji ya kunywa yawe karibu na mkono wake. Tusimwongezee chumvi wala vidonge vya potasiamu kwa shauri letu, zaidi sana akiwa na ugonjwa wa moyo au figo. Hayo ni ya daktari.