Koo za Virusi vya Ini

Hapa Ruashi tumezoea kuona watu wa koo nyingi katika mtaa mmoja: huyu ametoka Kasai, yule Tanganyika, mwingine Luapula. Hata virusi vya homa ya ini B vina koo zake, na kila ukoo una safari yake na madhara yake.

Mwaka 1965 Baruch Blumberg wa Marekani na wenzake walitangaza kitu kigeni walichokiona katika damu ya mwenyeji wa asili wa Australia. Baadaye ikajulikana kuwa ni sehemu ya ganda la virusi hivyo. Mwaka 1988 wataalamu wa Japani walivigawa katika koo 4. Leo zahesabiwa 10, tangu A hata J.

Kongo hukutwa hasa koo A na E. Tawi la A liitwalo A1, la Afrika ya mashariki na kusini, limekutwa pia Bara Hindi na Brazili, na wataalamu wengi hudhani lilivushwa bahari na biashara ya watumwa. Ukoo E ni wa Afrika ya magharibi na ya kati. Wazao wa watumwa huko Amerika hawanao ila mara chache. Kwa hiyo hudhaniwa kwamba umeenea sana baada ya biashara ile kukoma.

Tofauti hizi si maneno matupu. Mwaka 2005 wataalamu wa Afrika Kusini walionyesha kwamba wenye ukoo A walikuwa na hatari ya kansa ya ini mara 4.5 kuliko wenye koo nyingine, tena kansa iliwapata mapema. Basi kijana akifa kwa ugonjwa huo, tusikimbilie kumtafuta mchawi.

Virusi hubadilika hata ndani ya mgonjwa. Lamivudini, dawa iliyoanza kutumika kwa ugonjwa huu mwaka 1998, ilishindwa kwa wagonjwa wengi baada ya miaka michache, kwa kuwa virusi viliigeukia. Tenofoviri, iliyokubaliwa kwa ugonjwa huu mwaka 2008, huvizuia hata hivyo vilivyogeuka.

Lakini chanjo ni moja, nayo hukinga koo zote. Watoto wetu huipata katika majuma ya 6, 10 na 14. Mama asikose hata siku moja kati ya hizo tatu, na sisi wakubwa tupimwe damu kabla ini halijaharibika.