Waya Uliolileta Tanuri Nyumbani

Mimi husubu vipuri vidogo vya alumini uani kwangu, na watu wakija kulitazama tanuri langu la umeme huulizia matofali. Matofali ya moto ni ya kale. Kitu kipya hapo ni waya, maana kabla ya 1905 haukuwapo duniani.

Umeme wenyewe ulikuwa umekwisha kuyeyusha metali. William Siemens alisajili tanuri lake la tao la umeme Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1870, na Henri Moissan akajenga lake Paris mwaka 1892. Lakini tao linataka umeme mwingi mno. Hayo yalikuwa mambo ya viwanda na maabara. Aliyetaka joto tulivu la koili alikwama. Waya wa chuma ukiiva mwekundu hewani huota magamba, magamba yakabanduka, ukaliwa hadi ukakatika. Platinamu ilivumilia, ila nani angeimudu?

Mmarekani Albert Marsh ndiye aliyelifungua fundo hilo. Alichanganya nikeli, takribani sehemu 80, na kromi 20, akapewa hataza Februari 1906. Waya huo ukipata moto, kromi hutengeneza utando mwembamba wa oksidi unaong'ang'ania pale pale, na hewa haipenyi tena. Kwangu mimi huu ni miongoni mwa uvumbuzi mkubwa wa karne iliyopita, na jina la Marsh lilistahili kujulikana na kila fundi. Baadaye, kule Hallstahammar, Sweden, Hans von Kantzow aliiacha nikeli akatumia chuma, kromi na alumini. Waya wake, Kanthal, hufika hadi nyuzi 1,400 za Selsiasi. Ule wa Marsh huishia karibu na 1,200. Alumini huyeyuka kwenye 660, shaba nyekundu 1,085.

Mimi huuzungusha Kanthal kwenye nondo nyembamba, kisha naivuta koili ili mizunguko isigusane. Ukinzani wa omu 23 kwenye volti 230 huvuta ampea 10, yaani wati 2,300, ambazo soketi ya ukutani inazibeba. Koili huingia ikiwa inang'aa. Baada ya moto wa kwanza hutoka na rangi ya kijivu iliyofifia. Ule ndio utando wa oksidi. Tangu hapo usiikunje ikiwa baridi, itavunjika.

Dave Gingery wa Missouri, aliyewafundisha wengi kujenga karakana kwa vyuma chakavu, alianza na tanuri la mkaa, kisha akaandika kitabu kizima juu ya tanuri dogo la umeme. Wasubu masufuria wetu wamebaki na mkaa na oili chafu, na wana haki: moto wao ni wa haraka na chungu chao ni kikubwa. Faida ya umeme ni kujua joto limefika wapi. Alumini ikipitishwa kiasi hufyonza haidrojeni kutoka kwenye unyevu wa hewa, na ikiganda, kipuri hutoka kimejaa vitundu.