Makanisa ya Maniema na deni la msitu

KINDU – Wakati wa wakoloni mji huu uliitwa Kindu-Port-Empain, kwa jina la Baron Empain, tajiri wa Ubelgiji. Kampuni yake ya reli, CFL, ndiyo iliyojenga njia kutoka Kindu mpaka Kongolo kati ya mwaka 1906 na 1911. Treni za siku zile ziliendeshwa kwa kuni, na masua za moshi juu ya Lualaba vilevile. Wanaume wa vijiji vya kando ya reli na mto ndio waliokata kuni hizo. Tangu mwanzo, Kindu imeishi kwa kula msitu wake.

Makanisa yalikuja Maniema karibu na wakati huohuo. Mapadri Weupe walifanya kazi upande wa Kasongo, nao Wamethodisti, waliofika Wembo Nyama mwaka 1914, walivuka baadaye mpaka Tunda katika eneo la Kibombo. Kila misioni ilihitaji kanisa, shule na nyumba ya wagonjwa, na majengo hayo yalikuwa ya matofali ya kuchoma. Tanuri moja la matofali linakula miti mingi. Mbao za paa, milango na madawati nazo zilitoka msituni. Siku zile hakuna aliyeona ubaya, maana msitu ulionekana kama hauna mwisho.

Lakini misioni zilipanda pia. Mpaka leo, penye misioni ya zamani mtu anakuta miembe mikubwa, michikichi na maavoka. Mwembe wenyewe, pamoja na mpunga, ulikuwa umekwisha kuletwa na wafanyabiashara Waswahili na Waarabu wa Nyangwe na Kasongo. Kwa hiyo Wakristo na Waislamu wa Maniema wote wana historia ya kupanda, kama walivyo na historia ya kukata.

Mafundisho ndiyo yaliyochelewa. Kwa miaka mingi wahubiri walisimama sana juu ya sura ya kwanza ya Mwanzo, pale mtu anapopewa utawala juu ya viumbe. Sura ya pili, mstari wa 15, inayompa kazi ya mlimaji na mlinzi wa bustani, ilisomwa haraka na kupitwa.

Mabadiliko yalionekana kwanza kwa majirani. Kule Kenya, Wangari Maathai alianzisha Green Belt Movement mwaka 1977, na wanawake wa vijijini wakapanda miti kwa mamilioni. Alipopinga msitu wa Karura wa Nairobi usigawanywe kwa wajenzi, viongozi wa dini walisimama upande wake. Alipata tuzo ya Nobel mwaka 2004, na mwaka 2005 wakuu wa nchi za Afrika ya kati wakamfanya balozi wa msitu wa bonde la Kongo, yaani msitu huu wetu. Tanzania nayo ilikuwa na Askofu Fredrick Shoo wa Kanisa la Kilutheri, aliyeitwa askofu wa miti. Katika diosezi yake ya Kilimanjaro, kijana anayejiandaa kwa kipaimara hupanda miti kwanza.

Mwaka 2015 Papa Fransisko alitoa barua ya Laudato Si', na Wakatoliki wakaanza kufunga maungamo ya dhambi pamoja na habari ya mito na hewa. Desemba 2018 viongozi wa dini mbalimbali wa Kongo, Wakristo na Waislamu, waliungana Kinshasa katika mpango wa kulinda misitu. Mwaka 2022 Waanglikana, wenye diosezi yao hapa Kindu tangu 1997, walizindua duniani kote mpango wa kupanda na kulinda miti.

Jambo hili limekuwa zito zaidi kwa sababu ya maji na vita. Tarehe 4 Mei 2023 mvua iliteremsha mawe na udongo juu ya Bushushu na Nyamukubi, Kalehe, na watu zaidi ya 400 walikufa. Mwisho wa mwaka huohuo mto Kongo, ambao Lualaba ndiyo mama yake, ulipanda karibu na kipimo cha mwaka 1961, ile gharika ambayo wazee bado wanaisimulia. Kweli, miti ya Kindu peke yake haiwezi kuzuia mto mkubwa namna hiyo. Lakini mizizi inashika udongo wa kandokando, inapunguza makorongo yanayokata njia, na miti inavunja upepo unaong'oa mabati.

Tena, familia nyingi zilizokimbia vita za Kivu zimepokelewa Maniema, mara nyingi ndani ya nyumba za wenyeji. Wote wanapika kwa mbabula. Kutengeneza kilo moja ya makala kwa tanuri la udongo kunahitaji kilo tano mpaka kumi za kuni, na kila mwaka wachomaji wanakwenda mbali zaidi. Aliyekimbia hana shamba, kwa hiyo anakata pa mwenyeji, na ugomvi unaanza hapo. Kumhubiria asikate, huku mtoto wake hajala, hakusaidii.

Hapa historia inaonyesha mlango. Makanisa yalipewa mashamba makubwa wakati wa misioni, na mengi bado wanayo. Familia ya wakimbizi inaweza kuazimwa kipande, ilime muhogo katikati ya mistari ya akasia. Ndivyo walivyofanya Mampu, kwenye uwanda wa Bateke karibu na Kinshasa: miaka ya kwanza wanavuna muhogo, na baada ya miaka kama minane wanakata akasia kwa makala, kisha wanapanda tena. Kinachotakiwa ni mapatano ya maandishi, yenye kusema wazi nani atavuna muhogo na nani atavuna miti, mbele ya chifu na wazee wa kanisa. Mkimbizi akirudi kwao, miti inabaki kwa mwenyeji aliyempokea.

Makanisa mengi duniani yameweka kuanzia tarehe 1 Septemba mpaka 4 Oktoba kuwa majuma ya kuombea uumbaji. Kwa Kindu majuma hayo yanaangukia vizuri, maana kiangazi kinaisha na mvua zinarudi. Kitalu kilichoandaliwa mwezi wa Juni kwa kumwagiliwa maji ya mto kitakuwa na miche tayari wakati huo. Parokia iliyokata miti ya tanuri zamani inaweza kuanza kulipa deni lake hapo, nyuma ya kanisa lenyewe.