Nani Aliua Bao Usukumani?

Likizo iliyopita nililikuta bao la marehemu babu yangu jikoni kwa shangazi, katika kijiji kimoja cha Kahama. Mashimo yote 32 yapo, ila sasa yanahifadhi mbegu: bamia, mlenda, maboga. Nilipomwuliza kete ziko wapi, alicheka. "Nani wa kucheza naye, mwanangu?"

Jibu jepesi tunalo sote: simu, mpira wa Ulaya na vibanda vya kubeti. Silikubali, kwa kuwa huko kwetu bao lilikuwa limekwisha kudhoofu kabla hatujakiona kibanda hata kimoja cha kubeti.

Tuanze na kivuli. Bao ni mchezo wa kuketi: safu nne za mashimo manane, kete 64. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, na hesabu ya kuzishusha yaweza kumla mtu alasiri nzima. Wasukuma wana namna yao, isolo, ambayo mashimo yake huweza kuchimbwa ardhini tu, chini ya mti. Lakini miti ya Shinyanga ilikwenda wapi? Tangu miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilifyekesha mapori ili kumwangamiza mbung'o, kisha mashamba ya pamba yakala sehemu kubwa ya yaliyosalia. Hali ikafika mahali ambapo mwaka 1986 ilibidi kuanzishwa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, ili watu wazirejeshe ngitili ambazo babu zao walikuwa wakizitunza bila kuambiwa. Katikati ya hayo ikapita Operesheni Vijiji, iliyozitoa kaya zilizotawanyika na kuzipanga kwa mistari. Shikome, moto wa jioni walikokaa wazee na vijana, ulihitaji uwanja wa boma. Kiwanja cha kijiji kipya kilikuwa kingine kabisa.

Hata hivyo bao lilinusurika, likahamia ghalani. Waliokua nami miaka ya 1980 watakumbuka msimu wa kuuza pamba kwenye chama cha msingi. Mkulima alifika na mkokoteni wa ng'ombe, akasubiri mizani, akasubiri karani, akasubiri fedha. Kusubiri huko kulikuwa dhuluma, nami sikulilii. Babu alikufa akidai malipo ya msimu mmoja. Lakini ni kusubiri huko kulikowakutanisha wachezaji wa vijiji vitatu au vinne kwenye baraza moja la saruji. Mtu aliyeshinda pale alijulikana. Watazamaji walikumbuka mitaji ya mwaka uliotangulia, wakabishana juu yake kama wanasheria. Soko la pamba lilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi mwaka 1994, lori lilianza kuja na mizani yake, likapima, likalipa, likaondoka. Haki ya mkulima kulipwa papo hapo ilipatikana, na baraza likabaki la popo.

Serikali nayo haikuwahi kulipenda bao saa za kazi. Azimio la Arusha la 1967 lilinung'unikia wanaume wa vijijini wanaopoteza nguvu zao katika soga, ngoma na ulevi. Bao halikuwekwa katika orodha ile, pengine kwa kuwa Mwalimu mwenyewe alikuwa mpenzi mkubwa wa mchezo huo! Sheria ya Nguvukazi ya 1983 ilipokuja, aliyekutwa ameketi asubuhi aliweza kuhesabiwa mzururaji, na babu alijifunza kulificha bao lake mpaka jua lipinde. Bibi, aliyekuwa shambani akipalia pamba saa hizo hizo, hakuiona sheria ile kuwa mbaya sana. Tukumbuke hilo kabla ya kuusifia mno utamaduni ambao nusu ya watu hawakuwa na nafasi ya kuketi.

Kisha dhahabu. Mgodi wa Geita uliofungwa miaka ya 1960 ulizaliwa upya mwaka 2000. Bulyanhulu ikafuata 2001, Buzwagi 2009. Ila kwa hoja yangu wenye uzito ni wachimbaji wadogo. Kijana katika duara aweza kuchimba miezi akipewa chakula tu, na malipo yake ni mgawo wa viroba vya mawe siku mwamba utakapopatikana. Viroba hivyo vyaweza kuwa utajiri, vyaweza kuwa kokoto. Rashi ikisikika kwingine, kijiji kizima cha wageni kinahama. Sifa ya mchezaji haiwezi kukomaa mahali ambapo hakuna atakayekuwepo mwakani kuikumbuka. Ndiyo maana machimboni drafti inaishi: ubao wa kuchora, vizibo vya soda, mchezo mfupi, mpinzani yeyote. Na ndiyo maana mkeka wa mechi haukuwa mgeni kwa kijana yule. Ajira yake ilikwisha kumzoesha kuweka dau na kungoja.

Kinachonikera ni dola. Dola iliyomwita babu mzururaji kwa kucheza bila malipo ilipitisha mwaka 2003 Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, ikaunda bodi ya kutoa leseni, na leo hukusanya kodi katika muda uleule wa vijana. Sheria inawakataza walio chini ya miaka 18. Nimesimama katika senta moja ya machimbo nikahesabu watoto watano wenye sare za shule wakiizunguka mashine ya dubwi saa nne asubuhi, na hakuna mgambo aliyewauliza wanatafuta nini.

Siku ile kwa shangazi tulimwaga mbegu kwenye bakuli, tukahesabu maharage 64. Mjukuu wake, aliyerudi kutoka duarani akiuguza mguu, alijifunza upesi kuliko nilivyotarajia. Baada ya kunila kete saba aliniuliza, "Mjomba, sasa tunawekeana shilingi ngapi?" Nikamwambia hakuna kitu. Akanitazama, akacheza tena. Tuliendelea hadi magharibi, shangazi alipodai maharage yake.