Pamba ya Makumbusho na Bustani ya Jirani

Kwa mtoto anayesoma Upanga, ziara ya mafunzo haina safari ndefu. Basi linatoka Barabara ya Umoja wa Mataifa, linapita kando ya viwanja vya Gymkhana, na kabla wimbo wa pili haujaisha mmeshafika Mtaa wa Shaaban Robert, Makumbusho ya Taifa. Watoto wanaelezwa habari za fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959, wanashangaa magari ya zamani ya viongozi, wanasomewa habari za Maji Maji. Halafu njaa inauma. Mwalimu anatafuta kivuli, na kivuli kiko hapo jirani, Bustani ya Mimea. Maandazi yanatoka, juisi za boksi zinatobolewa, picha zinapigwa. Saa nane watu wanarudi shule.

Mimi naona hapo ndipo somo linapokatwa katikati. Ile bustani inayotumika kama ukumbi wa chakula ni ukurasa wa pili wa habari waliyotoka kusomewa ndani.

Ilianzishwa mwaka 1893, Wajerumani wakiwa bado wanajipanga kwenye koloni lao jipya. Aliyeisimamia ni Franz Stuhlmann, mtaalamu wa wanyama aliyekuwa ametoka safari ya bara pamoja na Emin Pasha. Haikuwa bustani ya kupumzikia. Ilikuwa vitalu vya majaribio: leteni mche huu, upandeni, tuone kama udongo wa pwani unaukubali na kama utalipa. Mwaka huohuo wa 1893 Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, ikapitia Hamburg, na katika miche 1,000 iliyosafirishwa ilipona 62 tu, ikapandwa upande wa Pangani. Kutoka kwenye hiyo 62 nchi ilikuja kuvuna zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka katika miaka ya 1960. Hesabu kama hiyo mtoto wa darasa la tano haisahau, ukimpa nafasi ya kuishika.

Mwaka 1902 ikaanzishwa taasisi kubwa ya utafiti kule Amani, milima ya Usambara, na Stuhlmann akaja kuiongoza. Kazi nzito ya sayansi ikahamia huko. Ila mwaka 1902 una jambo jingine. Gavana Götzen alianza mpango wa mashamba ya pamba ya pamoja, watu wakilazimishwa kulima chini ya maakida na majumbe. Swali lililokuwa likiulizwa kwa upole kwenye vitalu vya Dar es Salaam, zao gani litalipa, likafika vijijini na kiboko. Julai 1905, kule Nandete, Umatumbi, watu wakaenda shambani wakang'oa mashina ya pamba. Vita vya Maji Maji vilianza na mmea kung'olewa. Ndani ya makumbusho hilo linasimuliwa. Hatua chache nje ya geti, kwenye bustani iliyoanzishwa na serikali ileile kutafuta mazao ya biashara, hakuna anayelitaja. Watoto wanakula maandazi.

Halafu kuna suala la mahali penyewe. Mji wa kikoloni uligawanywa: Uzunguni huku baharini, Uhindini katikati, Waafrika Kariakoo, na uwazi wa Mnazi Mmoja ukiachwa kuwatenganisha. Bustani ilikuwa Uzunguni. Upanga tunayoijua, ya nyumba za ghorofa mbili zenye baraza, ilijengwa zaidi kuanzia miaka ya 1950, wakazi wengi wakiwa wenye asili ya Asia. Kwa hiyo darasa la leo la Upanga, lenye akina Juma, akina Neema na akina Zainab kwenye dawati moja, likivuka kwenda bustanini linavuka mipaka ya zamani ndani ya dakika kumi. Wao wanaona foleni tu.

Baada ya uhuru jibu la serikali kuhusu mtoto na udongo lilikuwa tofauti. Machi 1967 Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea: kila shule iwe na shamba au karakana. Shule za bara zilipata mashamba. Shule za mjini zilipata vipande vya bustani, na sisi tuliosoma miaka ya tisini tulikuta mabaki yake: ndoo ya maji asubuhi, jembe la kuleta kutoka nyumbani, na mchicha ambao hatukujua uliliwa na nani. Tusidanganyane, kwa wengi jembe lilikuwa adhabu ya wachelewaji. Baadaye madarasa mapya yakahitaji nafasi, na kipande cha mchicha ndicho kilichokuwa karibu.

Ndiyo maana bustani ya mji ina kazi kuliko zamani. Na sisi wapenzi wa maneno tuna sababu yetu ya ziada. Mwaka 1909 Stuhlmann alichapisha kitabu kinene kuhusu historia ya mimea inayolimwa na mifugo ya Afrika Mashariki, akifuatilia nini kilitoka wapi. Lakini hata bila Kijerumani chake, lugha yetu inatunza daftari hilo, wakati mwingine kwa makosa ya kupendeza. Mahindi tunayaita ya Wahindi, na asili yake ni Amerika. Muhogo nao ni wa hukohuko. Mwarobaini umetoka India, na leo hakuna bibi atakayekubali kwamba si wetu. Mji wenyewe umepewa majina na miti: Mnazi Mmoja, Mikocheni, Mwembechai. Muulize mtoto wa Mikocheni mkoche ni mti gani uone.

Mwalimu anayetaka kujaribu hahitaji bajeti mpya. Abaki na ratiba ileile ya makumbusho, amalizie kwenye pamba ya Maji Maji, kisha awatoe nje na swali moja: nani aliuleta mti huu, na alitaka nini? Kila kikundi kichague mti wake. Maandazi yanaweza kusubiri nusu saa.