Ushanga na Mwalimu Wake

Ushanga wa kioo si mzaliwa wa Marekani. Nyingi za shanga hizo zilitoka Venice, mji uleule ambao shanga zake zilifika huku kwetu bara kwa misafara ya Bagamoyo.

Kabla ya hapo, wanawake wa Wacheyenne walizitarizi ngozi kwa miiba ya nungunungu iliyotiwa rangi. Mwanafunzi alimwendea mama mzee wa chama cha mafundi, akamwomba kwa zawadi, akaketi kando yake. Shanga zilipoenea katika karne ya 19, mikono ileile ilizipokea, na mishono ikafuata safu za miiba ya zamani. Ugeni wa kitu haukuua ufundi.

Kilichokaribia kuuangamiza ni utengano. Kuanzia mwaka 1879, shule ya bweni ya Carlisle, na nyingine baada yake, ziliwatenga watoto na mama zao na kuwakataza lugha zao. Hata hivyo wazee hawakuacha kufundisha, na sanaa hiyo ingali hai.

Nasi walimu wa Kiswahili tuyatafakari hayo. Neno geni, kama ushanga, hukubali mshono wetu. Lakini mwanafunzi aliyetengwa na fundi atashonea wapi?