La Nyumba Gani? Kusaka koo za Muheza na Usambara katika daftari la ardhi na la ndoa

Katika milima ya Usambara, kijana anayesimama penye shamba la migomba na kusema, "Hapa palikuwa pa babu," bado hajasema kitu. Babu huyo pengine alikuwa na wake watatu. Kila mke alikuwa na nyumba yake, na kila nyumba ilikuwa na mashamba ambayo mume aliyakata akamkabidhi mke huyo ayalime. Desturi ya Wasambaa ilitaka mashamba ya nyumba yarithiwe na watoto wa nyumba. Kwa hiyo mzee anayesikiliza atauliza swali moja tu: la nyumba gani? Na jibu lake ni jina la mwanamke.

Hapo ndipo wengi wetu tunapokwama. Majina ya kina baba tunayo mpaka kizazi cha nne au cha tano, maana tumeyabeba shuleni na kazini. Majina ya kina mama yanaishia kwa bibi aliyetulea. Nimekuja kuamini kwamba ukoo wowote wa Muheza au Lushoto uliofuatwa kwa kina baba peke yao ni nusu ya ukoo. Nusu ya pili haikupotea. Iko katika maandishi ya ndoa, kama vile nusu ya kwanza ilivyo katika maandishi ya ardhi, na kazi ni kuyaweka yote mawili juu ya meza moja.

Wamarekani wamefanya kazi hii kwa miaka mingi. Anayetafuta wazee wake wa enzi za ukoloni wa Kiingereza kule Virginia huanza na hati za mauziano ya ardhi, kisha daftari za ndoa. Sheria ya Kiingereza ilimpa mjane haki ya kutumia theluthi moja ya ardhi ya mumewe maisha yake yote, na mnunuzi mwangalifu hakukubali kununua kabla mke hajatamka mbele ya mahakama kwamba ameiachia haki hiyo. Tamko likaandikwa, na jina lake likabaki. Lakini wajukuu wa watumwa wa nchi hiyohiyo wakirudi nyuma hugonga ukuta mwaka 1870, ambao ndio wa sensa ya kwanza iliyowaandika watu wote weusi kwa majina baada ya utumwa kufutwa mwaka 1865. Kabla ya hapo wengi wao waliandikwa kama mali. Maandishi ya ardhi na ndoa humkumbuka yule ambaye sheria ilimtambua kuwa mtu mwenye haki. Jambo hilo lilitokea na huku kwetu.

Ufalme wenyewe wa Wakilindi, ukoo uliotawala Usambara, ulianzia katika ugomvi wa mirathi, ukakuzwa kwa ndoa. Masimulizi yanasema Mbegha, mwindaji wa nchi ya Nguu, alikuwa kigego, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, na ndugu zake wakamnyima urithi. Akatoka kwao na mbwa wake, akapanda milima, akawagawia watu nyama za mawindo, akaua simba, na watu wa Vuga wakamfanya mtawala wao. Ilikuwa karne ya 18. Wenyeji walimpa wake, na wana waliozaliwa walipelekwa kutawala kwa wajomba zao. Ndivyo utawala ulivyoenea, tumbo kwa tumbo. Mwana wa mfalme hakufika kijijini kama mgeni, alifika kama mpwa. Kufikia siku za Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, watoto wa Kikilindi walikuwa wamekalishwa kutoka Vuga hadi Bonde, nchi ya Wabondei. Ukitaka ramani ya dola lile, chora nyumba za wake wa wafalme.

Baada ya Kimweri kufa, ndugu wakagombana, na Wabondei nao wakainuka kuwafukuza Wakilindi katika vita wanavyoviita Kiva. Habari hizi zote tunazo kwa sababu mtu mmoja alikaa akaziandika. Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi, Mwislamu aliyeishi na kufanya kazi karibu na Wakilindi, aliandika kwa Kiswahili kitabu cha Habari za Wakilindi, na mitambo ya kupiga chapa ya wamisionari Wakristo pale Magila, katika Muheza ya leo, ikakichapa kwa sehemu, ya kwanza ikiwa mwaka 1895. J. W. T. Allen alikihariri upya mwaka 1962. Hakuna chanzo cha nasaba za Usambara kilicho bora kuliko hiki. Nasisitiza, hata hivyo, kisomwe kwa makini: mwandishi alikuwa mtu wa upande wa Semboja, mtawala wa Kikilindi wa Mazinde, na mtu anayeandika nasaba ya bwana wake hawezi kuwa sawa kwa wote.

Mwaka uleule wa 1895 ulileta karatasi za aina nyingine. Tarehe 26 Novemba serikali ya Ujerumani ilitangaza kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe katika koloni ni mali ya Dola. Aliyedai kuwa nayo alitakiwa athibitishe. Mzungu alithibitisha kwa hati. Mwafrika alithibitisha kwa kuwa ameikalia na kuilima. Tume za ardhi zilipita, na agizo lilikuwa kuwaachia wenyeji eneo mara nne ya lile walilokuwa wanalilima. Katika nchi ambayo shamba hupumzishwa miaka kadhaa, na msitu uliokomaa huwa ni akiba ya wajukuu, kipimo hicho kilikata vizazi vijavyo kwa kalamu.

Na Muheza ilikuwa mlangoni. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Muheza mwaka 1896, ikaendelea hadi Korogwe mwaka 1902. Huko juu milimani, Derema na Ngwelo, kampuni za Kijerumani zilikuwa zimekwisha kufyeka msitu na kupanda kahawa, na mwaka 1902 Amani ikawa kituo cha utafiti wa mimea na kilimo. Kila shamba lilipimwa, likawekewa mawe ya mpaka, likaandikwa. Mafaili ya Wajerumani yaliyosalia yapo Dar es Salaam, katika Nyaraka za Taifa, na mapema miaka ya 1970 wataalamu walitengeneza orodha yake kwa Kijerumani.

Anayeingia mle akitafuta "Lushoto" hatapata kitu. Lushoto iliitwa Wilhelmsthal. Mlalo, kwa wamisionari, ilikuwa Hohenfriedeberg. Muheza imeandikwa Muhesa, Vuga imeandikwa Wuga, Mazinde imekuwa Masinde, kwa sababu Mjerumani husoma s kama z na w kama v. Majina ya watu yamepitia chujio hilohilo. Ukoo unaoanza na She huenda ukaonekana kwa Sch, na Sehoza akawa Sehosa. Tena Muheza haikuwa wilaya wakati huo. Ilikuwa chini ya Tanga, wakati milima ya magharibi ilikuwa chini ya Wilhelmsthal, kwa hiyo ndugu wawili waliotenganishwa na bonde la Luengera wanaweza kuwa katika mafaili ya mabwana wawili. Haya mambo madogo ndiyo huamua kama mtu atarudi nyumbani na jina la babu au mikono mitupu.

Lakini ndani ya mafaili ya ardhi utakutana na wanaume. Jumbe, akida, mwenye shamba. Tangu mwaka 1907, mwanamume mzima wa Usambara Magharibi alibeba kipande kilichomtaka afanye kazi siku 30 kwa Wazungu katika kila miezi minne, na kipande nacho kilikuwa cha mwanamume. Mwanamke aliyebaki akilima mahindi na kupalilia migomba hakuandikwa popote hapo.

Yeye yuko kanisani, au kwa shehe, au mahakamani.

Wamisionari wa Kianglikana walifika Magila mwaka 1868, na Wajerumani wa misheni ya Bethel wakaanza Mlalo mwaka 1891. Kote wakafungua vitabu vikubwa: ubatizo, kipaimara, ndoa, mazishi. Ukurasa wa ndoa una bwana na bibi, tarehe, na mashahidi, na ule wa ubatizo una wazazi na wasimamizi. Msimamizi ni hazina. Mara nyingi ni ndugu au jirani, na kwa kumfuata unajua familia ilikuwa inaegemea wapi. Bonde ilitoa mapadri wa mapema pia, kama Samwil Sehoza, ambaye simulizi yake ya mateso ya kifungoni wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia ilichapishwa mwaka 1921. Koo za walimu na mapadri hao zinafuatika kwa urahisi kuliko nyingine zote.

Ila kuna ukurasa usioonekana. Mwaka 1888 maaskofu wa Kianglikana waliokutana Lambeth, London, waliamua kwamba mume wa wake wengi asibatizwe mpaka aishi kwa sheria ya Kristo. Baadhi ya wake zake waliweza kuruhusiwa, yeye hapana. Uamuzi huo ulidumu miaka 100, mpaka Lambeth ya mwaka 1988. Fikiria maana yake kwa nasaba ya mtu wa Magila. Babu mwenye nyumba tatu alitaka kubatizwa, akabaki na mke mmoja, na ni huyo mmoja aliyeingia kitabuni. Nyumba mbili nyingine hazikuandikwa. Watoto wao walikuwepo, walilima, walirithi mashamba ya mama zao, lakini kitabu cha kanisa hakiwajui. Leo mjukuu wa nyumba iliyoandikwa akisimama barazani na nakala ya cheti cha ndoa ya mwaka wa zamani, anaweza kuamini kwa moyo safi kabisa kwamba wale wengine ni wageni. Hadanganyi watu. Karatasi ndiyo iliyomwambia nusu.

Kwa Waislamu, ambao ni wengi Muheza, nikaha haikuhitaji karatasi. Ilihitaji walii, mashahidi wawili na mahari. Ndoa nyingi za zamani hazikuandikwa, na hasa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ndiyo iliyotaka ndoa zote nchini zisajiliwe. Hata hivyo nikaha ina kumbukumbu yake: binti hutajwa kwa jina la baba yake, na walii akiwa si baba, atakuwa babu, kaka au ami. Muulize bibi kizee nani alisimama walii wake, naye atakupa upande mzima wa ukoo ambao hakuna karani aliyeuandika.

Chanzo ninachokipenda kuliko vyote ni madaftari ya kesi ya mahakama za wenyeji za enzi ya Mwingereza. Watu walishtakiana kwa mahari: ng'ombe waliolipwa, waliobaki, waliodaiwa kurudishwa ndoa ilipovunjika. Karani aliandika nani alipokea, nani alishuhudia, mke alitoka kijiji gani. Kwa ugomvi wa siku moja, vizazi vitatu vikaingia katika ukurasa mmoja. Amani ya nyumbani haikuacha maandishi kama hayo.

Kuna Wamuheza ambao vitabu hivi haviwasaidii, na siwezi kuwapita. Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf kutoka Florida. Kati ya miche 1,000 ilifika hai 62, na kutoka hiyo likaota jani lililofunika nyanda za Tanga. Wafanyakazi waliletwa kutoka mbali, wakaitwa manamba, kwa sababu kambini mtu alikuwa namba. Wengi hawakurudi kwao. Walioa hapa, wakazaa hapa, wakazikwa pembeni mwa mashamba ambayo hawakuwa na hati nayo. Mjukuu wa manamba hana shamba la babu la kuanzia. Ana ndoa tu: ndoa ya babu wa mbali na binti wa Kibondei au Kizigua, na kwa wengi ni bibi huyo ndiye aliyewapa mahali pa kujenga. Nasaba yao ya Muheza imeanza kwa mwanamke, na hakuna haja ya kuificha.

Sheria za baadaye zilipanga upya hati bila kugusa swali la nyumba. Mwaka 1923 Waingereza waliiweka ardhi yote ya Tanganyika chini ya gavana. Mwaka 1963 hati za umilikaji wa kudumu, zikiwemo zilizorithiwa kutoka kwa Wajerumani, ziligeuzwa kuwa za kukodi. Mwaka huohuo sheria za mila ziliandikwa rasmi, zikimbana mwanamke katika urithi wa ardhi ya ukoo. Mpaka Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001, ndipo mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi ikatamkwa kuwa batili, na hati ya kimila ikaweza kutoka kwa majina ya mume na mke pamoja. Katika vijiji ambavyo wenzi wamekubali kuandikwa hivyo, kwa mara ya kwanza daftari la ardhi lenyewe linajibu swali la mzee.

Anayeanza leo asianze Dar es Salaam. Aende kwa shangazi mkubwa aliyebaki, apeleke sukari, aulize mahari ya bibi ililipwa wapi na ilipokewa na nani. Aliyepokea mahari ana jina na ana kijiji, na wajukuu zake mara nyingi bado wanakaa palepale, Potwe, Bumbuli au Mlalo. Shangazi akitaja kijiji, aandike kama alivyokitamka, kisha chini yake aandike jinsi Mjerumani angekiandika. Na karatasi hiyo ndiyo aende nayo kwa padri kuomba kitabu cha ndoa kifunguliwe.